Sisimizi Wakaao Mitini: Kundi Hutambuliwaje, na Kwa Nini Tabibu Anahitaji Jina Lake

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Methali hiyo humwelekeza mtu mahali pa kumtafuta adui, lakini haimwambii adui huyo ni nani. Katika miteremko ya Mlima Rungwe, ambako mvua ni nyingi na mashamba ya chai, migomba na miparachichi hupakana na msitu, watu wengi hufanya kazi mchana kutwa wakiwa wamezungukwa na matawi. Mvunaji aliyepanda mparachichi hupata maumivu makali ya ghafla shingoni. Hupapasa ndani ya ukosi wa shati na kumtoa sisimizi mwembamba mweusi. Akiwa na bahati, maumivu hutulia baada ya muda. Asipokuwa na bahati, huachia tawi na kuanguka, au mwili humvimba, pumzi ikambana, akafikishwa kituo cha afya akiwa hajitambui. Katika daftari la wagonjwa yaweza kuandikwa maneno matatu tu: ameumwa na mdudu.

Maneno hayo ni ya kweli, ila hayana msaada mkubwa. Hayamwambii tabibu kama sumu iliingizwa ndani ya mwili au ilimwagwa juu ya ngozi. Hayamwonyi mgonjwa kuhusu kuumwa kwa mara ya pili. Wala hayamwambii mwenye shamba kama mdudu huyo ni mlinzi wa mazao yake au ni mfugaji wa vidukari wanaoyadhoofisha. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: kwamba jina la kundi, likiwekwa juu ya msingi wa ukoo, hubeba habari za mwili, za sumu na za tabia, ilhali jina lililotokana na makazi peke yake, kama vile “sisimizi wa mitini”, halibebi habari hizo, na laweza kumpotosha anayelitegemea.

Majina tuliyo nayo

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya wadudu hawa. Siafu ni wale waendao kwa misafara ardhini na kuuma kwa taya zao kali. Wanasayansi huwaweka katika jenasi ya Dorylus. Maji moto ni wale wa rangi ya kahawia au wekundu, wanaofahamika sana pwani na visiwani, ambao huyaunganisha majani mabichi ya miembe na mikarafuu kwa nyuzi za hariri wakajifanyia viota. Jina lao la kisayansi ni Oecophylla longinoda. Chungu na sisimizi ni majina mapana, na matumizi yake hutofautiana kati ya mahali na mahali. Mchwa, ambaye wengi humhesabu pamoja nao, si sisimizi hata kidogo: yeye ana nasaba moja na mende, ilhali sisimizi ni jamaa wa nyigu na nyuki.

Majina kama siafu na maji moto hufanya kazi yake vizuri kwa sababu kila moja linaelekea kwenye ukoo mmoja. Anayesikia “maji moto” hujua mara moja umbo, kiota, ukali na jinsi ya kujihadhari. Lakini tukisema “sisimizi wa mitini”, tumetaja anwani wala hatukutaja mwenye nyumba. Katika mti mmoja mkubwa wa misitu ya Afrika huweza kukaa spishi nyingi za sisimizi, na zikawa zimetoka katika koo zilizotengana tangu zama za dinosaria. Kukaa katika shina moja hakukuzifanya kuwa ndugu.

Funzo kutoka msitu wa Rungwe wenyewe

Wakazi wa Tukuyu wana mfano wa karibu unaofafanua jambo hili kuliko mfano wowote wa vitabuni. Mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakizungumza na Wanyakyusa kuhusu wanyama wa Mlima Rungwe walisikia habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wawindaji walimjua, sayansi haikumjua. Mwaka 2005 kima huyo alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya na kupewa jina la Lophocebus kipunji. Aliwekwa katika jenasi hiyo kwa sababu umbo lake na maisha yake ya mitini yalifanana na ya kima wengine wa Afrika waliokwisha kujulikana kwa jina la Lophocebus.

Muda si mrefu kipunji mmoja alipatikana amekufa mtegoni shambani, na wataalamu wakaweza kuchunguza vinasaba vyake pamoja na fuvu lake. Vinasaba vilionyesha kwamba ndugu wa karibu wa kipunji ni nyani, yule wa jenasi ya Papio atembeaye ardhini, wala si hao kima wa mitini aliofananishwa nao. Mwaka 2006 akaundiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwebus, iliyopewa jina la mlima alikopatikana.

Hapa pana kanuni nzima ya uainishaji. Ufanano wa makazi na wa umbo la jumla ni dokezo, si ushahidi wa mwisho. Viumbe wawili wa koo mbalimbali, wakiishi maisha ya namna moja kwa muda mrefu, hufanana kwa sababu mahitaji yao yamefanana. Mwenye kuainisha hana budi kuuliza, mbele ya kila sifa: je, hawa wamefanana kwa kuwa wamerithi kutoka kwa babu mmoja, au kwa kuwa wamekutana njiani?

Mti ni makazi, si ukoo

Kwa sisimizi swali hilo ni gumu zaidi, maana maisha ya mitini yameanza mara nyingi na kwa nyakati tofauti katika koo tofauti. Sisimizi wote ni familia moja, Formicidae, nayo imegawanywa katika nusufamilia kadhaa. Nusufamilia ya Formicinae ina wakazi wa mitini kama Oecophylla, Polyrhachis na spishi nyingi za Camponotus. Nusufamilia ya Dolichoderinae ina Technomyrmex, na pia Axinidris, jenasi ya Afrika ambayo spishi zake hukaa katika matawi yenye uwazi na mbao zilizokufa mitini. Nusufamilia ya Myrmicinae ina Crematogaster na Cataulacus. Nusufamilia ya Pseudomyrmecinae, kwa upande wa Afrika, ina jenasi moja tu: Tetraponera.

Cataulacus ni mfano mzuri wa ufanano unaodanganya. Ni sisimizi mwenye gamba gumu la mwili, kichwa kipana na miguu mifupi, anayetambaa juu ya magome kama kobe mdogo. Katika misitu ya Amerika ya kitropiki wapo sisimizi wa jenasi ya Cephalotes wenye umbo la namna hiyohiyo. Zaidi ya hayo, katika makundi yote mawili wapo wafanyakazi ambao wakianguka kutoka juu huweza kuuelekeza mwili wao hewani na kurudi kwenye shina la mti badala ya kufika chini. Mtu akiwaona pamoja atadhani ni ndugu wa tumbo moja. Hata hivyo ni jenasi mbili mbalimbali, kila moja imelipata umbo hilo upande wake wa bahari. Barry Bolton wa Makumbusho ya Historia Asilia ya London, aliyeipitia upya jenasi ya Cataulacus mwaka 1974, hakutosheka na gamba na umbo la kobe. Alilinganisha vipengele vidogo vya kichwa, vipapasio, kifua na kiuno katika vielelezo vilivyokusanywa kutoka nchi nyingi.

Sifa ya kale na sifa mpya

Ili kulifasili kundi, mtaalamu huzigawa sifa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni sifa za kale, yaani zile ambazo kundi limezirithi kutoka kwa mababu wa mbali pamoja na makundi mengine mengi. Fungu la pili ni sifa mpya, zile zilizotokea kwa babu wa kundi hilo peke yake na kubaki kwa wazao wake. Sifa mpya ndizo zinazothibitisha ukoo. Sifa ya kale, hata ikiwa ya kutisha namna gani, haithibitishi kitu.

Tuchukue mwiba wa sumu. Sisimizi wametokana na wadudu wa jamii ya nyigu, na mwiba walikuja nao kutoka huko. Kwa hiyo sisimizi mwenye mwiba hajatuambia yeye ni wa kundi gani. Ametuambia tu kwamba hajaupoteza urithi wa zamani. Kinyume chake, sisimizi wa Formicinae hawana mwiba. Mahali pake, ncha ya tumbo ina tundu dogo la mviringo, mara nyingi lenye nywele pembezoni, ambalo hurusha asidi ya fomiki. Tundu hilo halipo katika kundi jingine lolote la sisimizi. Ni sifa mpya, nayo yatosha peke yake kumtambulisha Formicinae.

Hapa msomaji wa fani ya afya ataona jambo la kushangaza kidogo. Sifa ambayo mgonjwa huijali kuliko zote, yaani mwiba, ndiyo ambayo mwainishaji hawezi kuitumia kulifasili kundi. Ni lazima kwanza aliendee kundi kwa njia ya macho, vipapasio, kiuno na makucha. Akishalifikia, ndipo aweze kusema kwa uhakika juu ya mwiba na sumu. Basi uainishaji unaoonekana kushughulika na vinyweleo na vifundo visivyo na maana kwa mgonjwa ndio unaofungua mlango wa habari zinazomhusu.

Tetraponera: namna ya kulifasili kundi

Jenasi ya Tetraponera ilipewa jina na Mwingereza Frederick Smith mwaka 1852. Spishi zake, zinazokaribia mia moja, zimeenea Afrika, Bukini, Asia na Australia, katika nchi zenye joto. Ndugu zake wa karibu, Pseudomyrmex na Myrcidris, wako Amerika tu. Wafanyakazi wake ni wembamba na wepesi. Wengi hutembea mmoja mmoja juu ya mashina na matawi, wakigeuka ghafla wanapokutana na kivuli cha mtu. Viota vyao huwa ndani ya vijiti vikavu vyenye uwazi, matundu yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa, au ndani ya sehemu za mmea hai zilizo tupu.

Ni sifa zipi zinazowaunganisha? Kwanza, kiuno chao kina vifundo viwili vilivyo dhahiri, tofauti na Formicinae na Dolichoderinae ambao wana kifundo kimoja. Pili, macho yao huwa makubwa na marefu, yakichukua sehemu kubwa ya ubavu wa kichwa. Tatu, pingili ya kwanza ya kipapasio, ambayo kwa sisimizi wengi ni ndefu kama fimbo, kwao ni fupi. Nne, makucha ya miguu yana jino dogo upande wa ndani. Tano, mwiba upo na unafanya kazi. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo peke yake ingetosha: Crematogaster pia ana vifundo viwili, na kuna sisimizi wengine wenye macho makubwa. Zikikutana zote katika mdudu mmoja, shaka huondoka.

Ndani ya jenasi, kazi huwa ngumu zaidi, kwa sababu spishi hufanana sana. Hapo wataalamu hutumia ngazi isiyo rasmi iitwayo kundi la spishi. Kundi hilo hupewa jina la mmoja wa wanachama wake wanaofahamika, kama vile ukoo uitwavyo kwa jina la mzee wake. Mwaka 2006 Philip Ward, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, alichapisha muhtasari wa makundi ya spishi za Tetraponera za Afrika, na akalipitia upya kwa kina kundi la Tetraponera ambigua.

Kazi ya aina hiyo haianzii msituni bali kabatini. Kila jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo fulani, mdudu mmoja aliyekaushwa na kuchomwa pini, au kadhaa, waliotumiwa na mtu wa kwanza kuieleza spishi. Mwainishaji huvitafuta vielelezo hivyo katika makumbusho, huvitazama kwa hadubini, na hupima urefu na upana wa kichwa, urefu wa jicho na ukubwa wa vifundo. Huuliza kama tofauti anazoziona ni za spishi mbili au ni za mtu mkubwa na mtu mdogo wa nyumba moja. Swali hilo ni zito, kwa kuwa malkia, dume na mfanyakazi wa kichuguu kimoja hawafanani, na zamani ilitokea mara nyingi wapewe majina mbalimbali. Mwishoni huandika ufunguo wa utambuzi: mfululizo wa maswali mawili mawili ambayo mtu mwingine, akiwa na mdudu wake mkononi, ataweza kuyafuata mpaka afike kwenye jina.

Majina yanapohama

Wasomaji wengine hulalamika kwamba wanasayansi hubadilisha majina kila siku. Lalamiko hilo lina haki kiasi, lakini lazima tuone sababu. Sisimizi mmoja anayekaa katika mimea yenye miiba ya tambarare za Afrika Mashariki, ile ambayo upepo ukipita katika vinundu vyake vyenye matundu hupiga mluzi, alielezwa na Gustav Mayr mwaka 1907 kwa jina la Sima penzigi. Leo anaitwa Tetraponera penzigi, kwa sababu ilibainika kwamba Sima na Tetraponera ni jenasi moja, na jina lililotangulia ndilo linalosimama. Mti huohuo huweza kukaliwa pia na spishi tatu za Crematogaster. Kwa mtu apitaye, wote ni “sisimizi wa mgunga”. Lakini Tetraponera penzigi huziharibu tezi za asali za mti anaoukalia, wakati jamaa wa Crematogaster mimosae huzitegemea kwa chakula na huulinda mti kwa ukali zaidi dhidi ya walao majani. Mti mmoja, wapangaji wa koo mbili, na mwenendo tofauti kabisa.

Mfano wa pili unagusa tiba moja kwa moja. Katika misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi yupo sisimizi mkubwa mweusi akaaye ndani ya matawi ya mti wa Barteria. Mwiba wake huingia ndani ya nyama, na maumivu yake huweza kuendelea kwa siku moja au mbili. Mwaka 1972 Daniel Janzen alichapisha utafiti uliofanywa Nigeria kuhusu jinsi sisimizi hao wanavyoulinda mti wao. Wakati huo jenasi yao iliitwa Pachysima. Leo wanaitwa Tetraponera aethiops. Tabibu anayetafuta habari za sumu ya Tetraponera bila kujua jina la zamani ataikosa sehemu ya ujuzi uliokwisha kupatikana. Na asiyejua kwamba mdudu huyo ni Tetraponera hatafikiri kuyatazama yale yaliyoandikwa juu ya ndugu yake wa Asia, Tetraponera rufonigra, ambaye Thailand na Sri Lanka ameripotiwa kuwaletea watu mzio mkali unaohatarisha uhai.

Hiyo ndiyo faida ya jina la ukoo. Likipatikana kwa usahihi, linakusanya mahali pamoja yote yanayojulikana juu ya ndugu wote wa kundi, na humwezesha mtu kutabiri. Anayeumwa na Tetraponera huko Rungwe hajaumwa na spishi ya Asia, na hatari yake haiwezi kudhaniwa kuwa ni ileile. Lakini tabibu ana sababu ya kumkalisha mgonjwa na kumwangalia kwa muda, badala ya kumrudisha nyumbani palepale.

Silaha tatu za sisimizi wa mitini

Kwa matumizi ya kituo cha afya, wakazi wa mitini waweza kupangwa kwa silaha walizo nazo, mradi tukumbuke kwamba mpango huu ni wa tiba, wala si wa ukoo.

Wa kwanza ni wale wenye mwiba unaochoma na kuingiza sumu ndani ya mwili. Tetraponera ni wa hapa. Dalili ni maumivu ya papo hapo yaliyo mahali pamoja, wekundu na uvimbe. Kwa kuwa vitu vya sumu huingia mwilini, mtu aliyekwisha kuchomwa kabla huweza kuwa na mzio.

Wa pili ni wale wanaouma kwa taya kisha wakarusha asidi ya fomiki. Maji moto, Polyrhachis na Camponotus ni wa hapa. Asidi huwasha ngozi, hasa palipochubuka, na ni hatari zaidi kwa macho. Mvunaji atazamaye juu huku akitikisa tawi yumo hatarini zaidi.

Wa tatu ni Crematogaster. Hawa ni rahisi kuwatambua: tumbo lao lina umbo la moyo, nao huliinua hata likapita juu ya mgongo wakati wa kutishwa. Mwiba wao umebadilika ukawa kama kijiko kidogo bapa. Kwa kawaida hawauchomi, bali huupaka juu ya adui ukiwa na tone la sumu.

Kwa mtu asiye na hadubini, kioo cha kukuzia chatosha kwa hatua ya kwanza. Hesabu vifundo vya kiuno. Kikiwa kimoja, na ncha ya tumbo haina mwiba, huenda ni jamaa wa maji moto au wa Dolichoderinae. Vikiwa viwili, tazama tumbo: umbo la moyo linaloinuka ni Crematogaster, mwili mwembamba wenye macho makubwa marefu ni Tetraponera, gamba gumu na kichwa kipana ni Cataulacus. Tahadhari moja inahitajika: wapo sisimizi wa Ponerinae wenye kifundo kimoja na mwiba mkali, baadhi yao wakiwa wa mitini. Kifundo kimoja, basi, si hati ya usalama mpaka ncha ya tumbo nayo itazamwe.

Rungwe na faida ya kutofautisha

Wenyeji wa Rungwe hawahitaji kushawishiwa sana kwamba utambuzi wa mdudu ni kazi ya afya. Eneo la Tukuyu limejulikana kwa miaka mingi kuwa na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wazaliwao katika mito iendayo kasi. Kwa macho, inzi hao wa Simulium damnosum ni wamoja. Kwa uchunguzi wa kromosomu zilizomo katika tezi za mate za mabuu yao, ilionekana kwamba jina hilo moja linafunika spishi nyingi, na kwamba si zote zinazopenda damu ya binadamu. Anayepanga kudhibiti ugonjwa bila kutofautisha spishi anaweza kutumia nguvu zake kwa inzi asiye na hatia. Hali ni hiyohiyo kwa mbu wa malaria wa jamii ya Anopheles gambiae.

Wilaya hii pia ina historia ya matabibu waliokuwa wakusanyaji. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa kijeshi Mjerumani Friedrich Fülleborn, aliyekuja baadaye kuwa mtaalamu mashuhuri wa minyoo na mkuu wa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Hamburg, alikusanya wanyama katika nyanda za kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Jina lake limebaki kwa ndege kadhaa wa milima hii, mmojawapo akiwa Laniarius fuelleborni. Vielelezo vilivyokusanywa zama hizo vilipelekwa Ulaya, na hadi leo mtafiti wa Kitanzania hulazimika mara nyingi kusafiri, au kuomba picha, ili auone mdudu aliyetoka nyumbani kwake. Kukusanya na kutunza vielelezo vyetu hapa nchini ni njia ya kupunguza deni hilo.

Yanayoweza kufanywa sasa

Aliyeumwa aondoke kwanza mahali penye kichuguu, na aliye juu ya mti ashuke kwa utulivu, maana anguko laweza kumdhuru kuliko sumu. Mahali palipoumwa paoshwe kwa maji na sabuni, kisha pawekwe kitambaa chenye maji baridi. Asidi ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika nyingi mfululizo, na mgonjwa apelekwe akaonwe. Kuvimba midomo au ulimi, mabaka yawashayo mwili mzima, kutapika, kizunguzungu, sauti kukwaruza au pumzi kubana ni dalili za mzio mkali. Hapo hakuna kungoja: mgonjwa afikishwe kituo cha afya mara moja. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, kwa kipimo kinacholingana na umri na uzito. Dawa nyingine za mzio hufuata, wala hazishiki nafasi yake.

Mdudu naye asitupwe. Akipatikana, hata akiwa amepondeka, atiwe katika kichupa chenye spiriti, pamoja na kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, aina ya mti, na urefu kutoka ardhini. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka katika spiriti, penseli haiyeyuki. Sisimizi mmoja mwenye maelezo hayo ana thamani kuliko mia wasio nayo.

Mwenye shamba, kabla ya kunyunyiza kiuadudu juu ya mti mzima kwa sababu ya maumivu ya siku moja, na aulize kwanza ni nani aliyemo. Maji moto wamekuwa wakisaidia kulinda minazi ya Zanzibar dhidi ya mdudu afyonzaye nazi changa, na spishi nyingi za mitini hula viwavi na wadudu wengine waharibifu. Wengine, ni kweli, huwatunza vidukari na wadudu-gamba kwa ajili ya utomvu wao mtamu. Dawa haibagui kati ya hao wawili, na sehemu yake hubaki juu ya majani ya chai, juu ya tunda, na katika mapafu ya anayeinyunyiza.

Kwa hiyo mhudumu wa zahanati akiongeza katika daftari lake maneno machache baada ya yale matatu, kwa mfano “vifundo viwili, mwembamba, macho makubwa, juu ya mparachichi”, atakuwa amemsaidia mgonjwa aliye mbele yake, na mwingine atakayeletwa msimu ujao wa mavuno.